Kabla hujaifunga bodi kwenye tenki, kata umeme

Shangazi yangu wa Ujiji hana habari na Wi-Fi. Yeye alitaka tenki la juu lijae bila mtu kushinda anavizia pampu. Maji ya bomba yanaingia tenki la chini, pampu inayapandisha, na akisahau kuizima yanamwagika mpaka kwa jirani. Nikamwambia, "Shangazi, niachie mimi."

Bodi niliyotumia, yaani kompyuta ndogo ya kuongoza vifaa, ni XIAO ESP32C3 ya Seeed Studio: milimita 21 kwa 17.8, ndani ya boksi la kiberiti zinakaa mbili. Ina Wi-Fi na Bluetooth, na kazi nimeipangia kwa ESPHome, programu ya kuziandikia bodi kama hii maelekezo. Uamuzi wa kuwasha na kuzima uko ndani ya bodi yenyewe, kwa hiyo bando likiisha pampu inaendelea kama kawaida. Ila ujue ESPHome ikikosa Wi-Fi dakika 15 hujizima na kujiwasha upya. Kama hutaki hilo, kwenye mipangilio ya wifi andika reboot_timeout iwe 0s.

Mambo madogo yatakayokupotezea jioni nzima: antena yake inakuja ikiwa haijafungwa kwenye bodi, uibonyeze mpaka isikike "tik", bila hiyo Wi-Fi utaisikia kwa majirani tu. Inashika Wi-Fi ya 2.4 GHz peke yake, 5 GHz haiioni. Na kompyuta isipoiona bodi, badilisha waya kwanza, maana nyaya nyingi za dukani ni za kuchaji tu.

Sasa kosa lenyewe. Ndani ya tenki niliweka swichi ya boya: maji yakishuka inagusisha pini ya bodi na graundi (upande hasi wa umeme), yakipanda inaachia. Waya wake nikaulehemu kwenye pini ya D9, kwa sababu tu ndiyo ilikuwa karibu. Nikajaribu nyumbani kwangu Mwanga kwa kuinua boya na kulishusha kwa mkono. Pampu ikatii kila mara. Nikapeleka Ujiji, nikanywa chai, nikasifiwa.

Wiki ya pili umeme ukakatika usiku, ukarudi asubuhi tenki likiwa tupu. Bodi kimya. Shangazi akapiga simu: "Mwanangu, hilo dude lako limelala." Nikaenda, nikamimina ndoo mbili za maji kwenye tenki ili nione, nikachomoa na kuchomeka, ikaamka! Nikarudi zangu nikidhani ni waya uliolegea. Baada ya siku tatu, yale yale.

D9 ndiyo GPIO9 kwa jina la chipu, pini ileile ya kitufe cha BOOT. Bodi ikiwashwa huku pini hiyo imegusa graundi, haiendeshi programu yako. Inakaa inasubiri ipakiwe programu mpya. Yaani ilikuwa inagoma pale tu tenki lilipokuwa tupu, saa ambayo pampu ndiyo inahitajika. Nikauhamishia waya D1, rilei, yaani swichi inayowashwa na bodi, nikaiweka D10. GPIO2 na GPIO8, yaani D0 na D8, nazo bodi inazisoma wakati wa kuwaka, kwa hiyo swichi usizitundike huko.

Siku hizi kabla sijatoka nyumbani kwa mtu naliweka boya chini, nachomoa umeme, narudisha. Kisha naliweka juu, nachomoa tena.

Upande wa volti 230 nilimwachia fundi umeme. Rilei ile ndogo ya bluu haikuunganishwa na pampu moja kwa moja. Inawasha kontakta, yaani swichi kubwa ya umeme, na kontakta ndiyo inayobeba mota ya pampu.