Mwanangu, maneno hayatembei peke yake

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unasema unasoma gazeti la Kiingereza mpaka ukurasa wa mwisho, lakini ukisimama kikaoni ulimi unakuwa mzito. Unauliza kama ukariri maneno ishirini ya kamusi kila siku.

Usikariri. Mimi nilijaribu, nikaishia herufi D, na hata hayo niliyoyashika sikujua pa kuyaweka.

Hebu mfikirie mgeni anayejifunza Kiswahili. Kakariri kwamba kupiga ni kuchapa. Mara anasikia tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga hodi. Si atadhani tuna ugomvi na kila kitu? Kiingereza nacho kina mambo yake. Picha kwao huchukuliwa: take a photo. Kosa ni make a mistake, ingawa ulimi wako utataka kusema "do". Basi daftarini usiandike "mistake" likiwa pweke. Andika fungu zima, na chini yake sentensi ya kweli kuhusu kosa ulilolifanya wewe juzi. Kosa lako mwenyewe si rahisi kulisahau.

Wala usitafute maneno makubwa. Mwaka 1953 mwalimu wa Kiingereza Michael West alichapisha orodha ya maneno ya Kiingereza yanayohitajika zaidi, kama 2,000 tu. Wewe msomaji wa magazeti, mengi ya maneno hayo unayajua kwa macho. Mdomo ndio haujayazoea.

Kwa hiyo jioni jifungie chumbani, washa kinasa sauti cha simu, usimulie siku yako kwa dakika nne. Ukikwama, ruka, endelea. Kisha jisikilize (utaichukia sauti yako, sote huchukia). Pale ulipokwama au ulipochomeka Kiswahili ndipo penye neno la kutafuta. Litafute, usimulie kisa kilekile kwa dakika tatu, halafu kwa mbili. Mara ya tatu utashangaa.

Na mkazo, jamani! Sisi tumezoea kuuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, wao wanauhamisha. Siku moja nilisema "vegetable" kwa mkazo wetu, mgeni akaniuliza ni meza ipi. Kumbe mkazo uko mwanzoni kabisa, na ile "table" haisikiki hata kidogo. Kila neno jipya lisikilize kwanza kwenye kamusi yenye sauti, ndipo ulitamke.

Nitumie rekodi yako ya kwanza. Usiirekebishe.

Mama yako