Mteja wako anaandika "gesti", wewe umeandika "malazi"

Mkuu uliyeuliza juu ya gesti yako ya Kilwa Masoko, nimelisoma swali lako mara mbili. Umesema tovuti ina mwaka sasa, fundi alikuwekea "maneno muhimu" zaidi ya mia, ukiandika jina la gesti inatokea, lakini ukiandika kitu kingine chochote huioni hata ukurasa wa tano. Ukauliza: niongeze maneno au niyabadilishe? Badilisha, ila usitegemee kupachika mengine mia mahali pa yale. Mimi sijasomea SEO, yaani kazi ya kuifanya tovuti ionekane Google, darasani. Niko Mtwara, Chuno, naendesha tovuti ya shangazi yangu anayebangua korosho, na karibu kila kosa lililo kwenye orodha yako mimi nimeshalifanya na kulilipia.

Tuyamalize kwanza hayo mia. Kama fundi ameyaweka ndani ya msimbo wa ukurasa, pale ambapo msomaji haoni, hiyo pesa imekwenda na maji. Google walishatangaza tangu Septemba 2009 kwamba ile lebo ya maneno muhimu hawaitumii kupanga matokeo. Kama ameyarundika chini ya ukurasa kwa maandishi meupe juu ya rangi nyeupe, mpigie ayafute leo leo. Hiyo ni kinyume cha kanuni zao, na tovuti inaweza kushushwa au kuondolewa kabisa kwenye matokeo.

Sasa yangu. Ukurasa wa kwanza niliouandika kwa akili zangu niliupa kichwa "Bei ya korosho Mtwara". Nilijiona mjanja, maana kusini yote hii nani asiyetafuta bei ya korosho? Na kweli watu walikuja. Oktoba minada ilipoanza, simu ya shangazi haikupumzika. "Mama, mnada wa leo umefunga bei gani?" "Malipo ya chama chetu yanaingia lini?" Mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama tunafanya kangomba, ule ununuzi wa korosho wa magendo. Mzee wa Tandahimba alipiga mara tatu siku moja, na ile ya tatu alikuwa mkali kabisa, akidhani shangazi ni karani anayemficha bei. Jioni shangazi akaniita uani. Alikuwa kwenye kigoda, mikono inang'aa mafuta aliyojipaka ili maji ya maganda yasimuunguze, simu iko kwenye ungo inalia tena. Akaniambia, "Wewe mtoto, umenifungulia ofisi ya ushirika humu ndani?"

Neno lilikuwa sahihi, watu wakatafuta, Google ikawaleta. Kasoro ilikuwa kwamba anayeandika "bei ya korosho" mwezi wa kumi ana magunia ghalani na anataka kuuza. Na sisi tunauza. Wauzaji wawili wamekutana, hakuna biashara hapo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni wangapi wanaliandika neno, uliza anayeliandika ameshika nini mkononi na anataka kuondoka na nini.

Kilichotusaidia ni kaunta buku. Nilichukua simu ya shangazi, nikaingia WhatsApp, nikanakili ujumbe wa kwanza wa kila mteja aliyewahi kununua, vilevile alivyouandika, na makosa yake. Kazi ya siku mbili tu. Tukagundua jambo lililotuaibisha: hata mmoja hakuandika "korosho zilizobanguliwa", na ndilo neno lililojaa tovuti nzima! Huku kwetu ukisema korosho bila kufafanua, mtu anaelewa ile yenye ganda, kwa hiyo lazima useme zilizobanguliwa. Mteja wa Dar hana shida hiyo, kwake korosho tayari ni ile nyeupe ya kutafuna. Wao waliandika "korosho za kukaanga kilo bei gani", "vipande vya korosho vya keki", "korosho mbichi nzima nzima". Hiyo "mbichi" tulibishana nayo sana na shangazi. Kwake mbichi ni iliyoko mtini, kwa mteja ni isiyokaangwa. Ukurasa tukaupa jina la mteja, na ndani tukaweka sentensi moja inayosema tunachomaanisha.

Kwenye buku kulikuwa pia na ujumbe wa aina nyingine, mfupi, wa watu wenye haraka: "W320 mnayo?" Kwa wasiojua, hilo ni daraja. W ni korosho nzima nyeupe, na 320 ni idadi: punje 300 hadi 320 kwenye pauni moja, yaani kama gramu 454. W240 ni kubwa zaidi kwa sababu punje chache zinajaza pauni ileile. Nilipoliingiza neno hilo kwenye kile kifaa cha Google cha kupangia maneno ya matangazo, halikuonyesha kitu cha maana. Ningefuata takwimu ningelitupa. Lakini mtu anayeandika W320 hapigi kukusalimia, anapiga kuuliza una katoni ngapi. Tukaandika ukurasa mmoja unaoeleza madaraja, wenye picha ya punje juu ya mzani, na hadi leo ndio unaotulipia gharama za tovuti. Wasomaji wake ni wachache mno.

Turudi Kilwa. Kwenye orodha yako nimeona "hoteli bora Tanzania" na "utalii Tanzania". Achana nayo. Hapo unagombana na Zanzibar, Arusha na mitandao mikubwa ya kuweka nafasi za vyumba, na hata ukishinda, aliyeandika hivyo hajui bado kama anataka bahari au mlima. Nimeona pia "nyumba ya kulala wageni". Hilo ni neno la leseni. Sijawahi kusikia mtu ameshuka stendi akauliza nyumba ya kulala wageni iko wapi, wala "malazi". Anauliza gesti. Najua gesti ina sifa zake, ndiyo maana mtu aliye na familia huandika "loji" hata kama anatafuta chumba cha bei ileile. Basi amua mgeni wako ni yupi. Kama ni wote wawili, moja liwe kwenye kichwa cha ukurasa, la pili liwe kwenye maelezo, na usisahau kuwa wengi huyaandika yote mawili kwa tahajia ya Kiingereza. Mara moja moja inatosha. Usirudie neno mpaka ukurasa usomeke kama mtu mwenye kwikwi.

Halafu Kilwa si moja, na hapa ndipo una mali ambayo hujaigusa. Mgeni anaijua Kisiwani kwa sababu ya magofu, ambayo pamoja na ya Songo Mnara yako kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1981. Jina analoandika ni Kilwa Kisiwani. Lakini kitanda, kibali na boti viko Masoko, kwako! Tovuti yako imeitaja Kisiwani mara moja tu, kwenye maelezo ya picha. Andika ukurasa wa namna ya kufika Kisiwani kutokea Masoko: kibali kinachukuliwa wapi, boti zinaondokea wapi, nauli mnapatana vipi, saa gani bahari ni shwari. Wewe unayajua haya kuliko mwandishi yeyote aliyekaa Ulaya. Na mfikirie mtu aliyeteremshwa na basi la Lindi pale Nangurukuru, begi chini, giza linaingia, ameshika simu. Huyo haandiki "malazi bora". Anaandika "Nangurukuru mpaka Kilwa Masoko usafiri" au "gesti Kilwa Masoko". Mjibu huyo, kisha chini ya jibu mwekee namba yako ya simu.

Wageni wa nje wanatafuta kwa lugha zao, kwa hiyo ukitaka Wazungu tengeneza kurasa za Kiingereza zinazojitegemea. Usichanganye lugha mbili kwenye ukurasa mmoja.

Vifaa, kwa kifupi. Google Trends, inayoonyesha neno linatafutwa kiasi gani, kwa maneno yetu ya huku mara nyingi inasema data haitoshi, usikate tamaa. Kuna njia ya bure: fungua dirisha la faragha, andika "gesti kilwa" taratibu, herufi kwa herufi, uone Google inavyokumalizia. Hayo ni maneno ambayo watu wameshayaandika. Ila kifaa kikuu ni Search Console ya Google, unayoiunganisha na tovuti yako, nayo ni bure. Inakuonyesha maneno yaliyokuleta mbele ya watu, umeonekana mara ngapi, umebofywa mara ngapi na uko nafasi ya ngapi, hadi miezi 16 nyuma. Mimi natafuta maneno yaliyo nafasi ya 8 hadi ya 20, ambayo watu wameyaona lakini hawabofyi. Hapo uko mlangoni tayari, mara nyingi kinachohitajika ni kubadili kichwa tu. Na usitengeneze kurasa tatu za "gesti Kilwa", "gesti za Kilwa" na "gesti nzuri Kilwa", zitanyang'anyana zenyewe kwa zenyewe.

Kwenye ramani za Google sajili gesti kwa jina lake halisi. Kuongeza "bei nafuu Kilwa" kwenye jina hairuhusiwi.

Umeuliza pia muda. Ukurasa wangu wa W320 ulichukua kama miezi mitatu kufika ukurasa wa kwanza. Ule wa bei ya korosho sikuufuta. Nilibadili kichwa kikawa "Bei ya korosho za kukaanga kwa kilo", na juu kabisa nikaandika: bei ya mnada ulizia chama chako cha msingi. Simu zikapungua wiki chache baadaye, isipokuwa za yule mzee wa Tandahimba, ambaye siku hizi anapiga kumjulia hali shangazi.

Sasa nijibu hapa hapa: watu watano wa mwisho waliokupigia kutafuta chumba walisema nini, kwa maneno yao wenyewe? Usiyasafishe.