Barua kwa mwanangu: kubali kazi ya sungura

Baba, meseji yako ya jana usiku nimeisoma mara tatu, ya kwanza nikacheka, ya pili nikakasirika, ya tatu nikaona bora nikuandikie kabisa maana kwa voisi nitasahau nusu na wewe utasikiliza nusu. Unauliza ukubali ile kazi ya kuwa pesimeka, yaani mkimbiaji wa kuvuta kasi ya wenzake, wa kundi la wanawake kwenye marathoni ya Chicago mwezi wa kumi au ukatae, kwa sababu wenzako kambini wanakucheka eti unaenda kuwa sungura wa mwanamke, maana pesimeka ndiye tunayemwita sungura. Halafu chini umeongeza, rekodi ikivunjwa itakuwa ni ya huyo dada au ya nyinyi mnaomvuta?

Tuanze na hao wanaocheka. Mwaka 2019 pale pale Chicago Brigid Kosgei alimaliza kwa 2:14:04, akavunja rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake, ile ya Paula Radcliffe ya 2:15:25 iliyokaa tangu London 2003, miaka 16 bana. Sasa waambie wenzako wachukue kalamu wagawe. Ni kama 3:10 na nusu hivi kila kilomita, mara 42, na kipande juu. Najua wewe una 2:11 na wengine hapo wana ndogo kuliko yako, hiyo sibishi, lakini wangapi wanaweza kutoa 3:10, 3:10, 3:11, 3:10 asubuhi nzima kama cherehani? Wengi wao nimewaona mazoezini, kilomita moja 3:02 kwa sababu kuna mtu anapiga picha, inayofuata 3:19 kwa sababu kapumzika. Huyo hafai kuwa sungura hata wa kuku.

Na hilo jina la sungura lisikuumize, kwenye hadithi zetu sungura ndiye mwenye akili, fisi ndiye anayeachwa anashangaa. Nakukumbusha tu Chicago 2001, Ben Kimondiu alipelekwa kama pesimeka, kazi yake kuvuta wakubwa halafu atoke, akaona mwili bado upo akaendelea, akamshinda Paul Tergat kwa sekunde nne, 2:08:52 kwa 2:08:56. Tergat! Siku hiyo hiyo, kwenye barabara zile zile, Catherine Ndereba akaweka rekodi ya dunia ya wanawake 2:18:47, wiki moja tu baada ya Naoko Takahashi wa Japani kuwa mwanamke wa kwanza kushuka chini ya 2:20 kule Berlin. Miaka miwili baadaye huyo huyo Tergat anavunja rekodi ya dunia Berlin, 2:04:55, anageuka nyuma anamkuta pesimeka wake Sammy Korir yuko hapo sekunde moja. Kwa hiyo sungura anaweza kushinda, ameanza mbio kama wengine, ana namba, ana haki. Wewe lakini hilo lisikusumbue kichwa, mbio za wanawake hutashinda hata ufanyeje.

Haya, rekodi ni ya nani. Ni yake. Yake yote. Jina lako haliandikwi popote na usitegemee liandikwe. Ila angalia kitu kimoja ndio ujue uzito wa kazi unayoitiwa: rekodi za marathoni za wanawake zimewekwa kwenye orodha mbili, moja ya mbio za mchanganyiko, wanaume na wanawake pamoja, na nyingine ya mbio za wanawake peke yao, na tofauti kubwa kati ya hizo mbili ni nyinyi. London wanawake wakubwa wanaanza kabla ya wanaume, hakuna mwanamume wa kujificha nyuma yake. Peres Jepchirchir 2024 alikimbia hapo 2:16:16, Tigst Assefa mwaka uliofuata 2:15:50, na zote mbili zilipotoka zilikuwa rekodi za dunia za wanawake peke yao. Ilhali huyo huyo Assefa alishakimbia Berlin 2023, kwenye mchanganyiko, 2:11:53. Ni mwanamke yule yule. Sisemi dakika zote nne ni za pesimeka, siku hazifanani na barabara hazifanani, lakini huwezi kuniambia ni bure.

Mwaka 2011 wakuu wa riadha walitaka hata kuiondoa ile 2:15:25 ya Radcliffe kwenye rekodi kwa sababu alikimbia na wanaume pembeni, waiite sijui bora ya dunia tu, watu wakapiga kelele mpaka wakarudi nyuma. Mimi nilikuwa upande wa kelele. Mguu ni wake, pafu ni lake, nani alimbeba?

Kuna mahali lakini msaada unazidi, na hapa sikia vizuri maana ni sheria. Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba 2019 Kipchoge alikimbia 1:59:40 kule Vienna, dunia nzima tukalia machozi, na haimo kwenye rekodi. Pesimeka 41 wakipokezana kwa zamu, mmoja anatoka amechoka mwingine anaingia mbichi, gari mbele linamulika barabarani mistari ya kuonyesha wakae wapi wakikimbia, kinywaji kinaletwa kwa baiskeli. Tena hayakuwa mashindano, alikuwa peke yake na watu wake. Jumapili yake ndio Kosgei akapiga ile 2:14:04 na hiyo ikaingia kitabuni. Kwa hiyo kinachotakiwa kwako, uanze naye pale mstarini. Ukishaanza naye unaweza kukaa naye mpaka karibu na utepe, hakuna anayekuuliza. Ukitoka barabarani umetoka, usirudi hata kama umepata nguvu na umati unakuita.

Na chupa. Meza za vinywaji vyao huwa kila kilomita tano hivi. Unaweza kumwokotea yake mezani ukampa, sheria inaruhusu alichobeba mtu tangu mwanzo au alichokichukua kwenye kituo rasmi, ila ukijifanya mhudumu wake kila kituo waamuzi wanaweza kusema huo ni msaada usio halali na atakayeumia ni yeye, wewe utarudi nyumbani na mshahara wako. Kwa hiyo okota pale tu anapokosa. Halafu shika chupa kwa juu umpe upande anaotumia mkono, sio unamgeukia unamkata hatua.

Sasa nifike kwenye lile ambalo hukuuliza na ndilo lililonifanya nikakaa kuandika. Utaweza kukimbia mbio ya mtu mwingine?

Hujawahi kunisikia nikielezea ile marathoni yangu ya tatu. Mji siutaji, na huyo mtu simtaji ameshakuwa babu wa watu. Nilikuwa nataka 2:30, yaani 3:33 kwa kilomita, kilomita tano za kwanza zilitakiwa 17:45. Nikapewa pesimeka mwanamume, kijana mzuri tu, mwenye mbio zake. Tumefika tano kwa 17:10. Sekunde 35 mwanangu, na bado asubuhi. Nikamwita, akageuka akanionyesha dole gumba. Nikadhani anajua kitu mimi sijui, ndio ujinga wangu huo, nikamfuata. Mpaka leo nakumbuka soksi yake ya kushoto ilikuwa imeshuka kisiginoni, nikaikodolea macho kilomita baada ya kilomita, inapanda inashuka, na nikawa naona inakuwa ndogo. Kufika 20 alikuwa mita kama 40 mbele yangu. Upepo wote ni wangu, kasi yote ni yake. Pesimeka aliye mita 40 mbele ni mtalii tu. Kwenye 28 miguu ikagoma kabisa, nikamaliza 2:41, na yeye baada ya mbio akaniambia dada leo uliniangusha. Niliangua kilio bafuni sio kwa ajili ya dakika, ni kwa ajili ya hilo neno.

Kwa hiyo ukiniuliza kazi ya sungura ni nini sitakwambia ni kasi, ni kusikia pumzi ya mtu aliye nyuma yako huku unaangalia mbele. Ukisikia hatua zake zimekuwa nzito punguza sekunde moja bila kuambiwa, ukisikia anakukanyaga visigino muulize, akisema nenda, nenda. Yeye ndiye bosi, sio saa.

Hesabu nyingine ya kukaa nayo kichwani: Kosgei siku ile nusu ya kwanza 66:59, ya pili 67:05. Tofauti sekunde sita, hiyo ndiyo ya kufundishia. Ruth Chepngetich 2022 barabara hiyo hiyo alipita nusu kwa 65:44, ya pili ikawa 68:34, akafika 2:14:18, akaikosa rekodi kwa sekunde 14. Ukizigawa ni theluthi ya sekunde kila kilomita. Simlaumu pesimeka, mwenye mbio ndiye anayetoa oda, lakini sekunde 14 zile unaweza kuzipoteza kwenye kilomita tatu za kwanza za sifa. Halafu 2024 akarudi akatoka kwa moto zaidi, nusu 64:16, na safari hii hakuzima, 2:09:56, mwanamke wa kwanza chini ya 2:10. Mwaka uliofuata akafungiwa miaka mitatu kwa dawa iliyopatikana kwenye sampuli ya 2025, rekodi ya Chicago ikabaki kwa kuwa ni ya kabla ya hapo, na watu wakabaki na maneno yao. Mimi nakuambia tu kama mama, ukifika kambi yoyote ukaona mambo huyaelewi, beba begi lako urudi, hakuna mkataba unaolipa hilo.

Upande wa wanaume uliouzoea wewe, pesimeka wakitoka mwenye mbio anabaki na Mungu wake. Kelvin Kiptum, Mungu amlaze pema, kijana wa miaka 24 alivyotutoka, Chicago 2023 alipovunja rekodi ya dunia nusu ya kwanza ilikuwa 60:48 halafu ya pili 59:47, na kuanzia kilomita 30 na kitu alikuwa peke yake mbele. Huyo dada unayemvuta wewe hutamwacha. Ndio maana nasema una nafasi ambayo wanaume wenzako hawana, ya kuona kilomita 35 mpaka 42 za rekodi ukiwa hatua moja kutoka hapo zinapotokea, na wewe mwenyewe bado hujaishiwa. Hiyo shule huinunui popote. Wewe tatizo lako siku zote ni baada ya 33, si unajua?

Mambo madogo ya barabara. Pale katikati ya mji maghorofa ni marefu na kuna kipande cha kupita chini, saa ya GPS inachanganyikiwa, itakwambia unakimbia 2:45 kwa kilomita na wewe uko kwenye kasi ile ile. Usiiamini. Bonyeza mwenyewe kwenye alama, na ujue alama nyingi Marekani ni za maili, kwa hiyo kariri 5:06 kwa maili ndiyo 3:10 yako. Fuata njia fupi ya kona, barabara hupimwa kwa njia fupi na wanaongeza mita moja kila kilomita ili isije ikatokea fupi, ukitanuka kwenye kona unamkimbiza mtu mita ambazo hakuna anayemlipa. Upepo ukija wa mbele kaa mbele yake kabisa, ukija wa ubavuni kaa ubavu huo, usione aibu kuhama. Na karibu na mwisho kuna kakilima, ukikatazama ni kadaraja tu lakini miguu ya maili ya 26 haitazami hivyo. Hapo mpishe, sogea pembeni kabisa, utepe ni wake na picha ni yake, usije ukaonekana mkono wako.

Mkataba usome kabla ya kusaini, hasa pale wanapoandika utalipwa ukimfikisha wapi na kwa muda gani, na bonasi ya rekodi iandikwe, maneno ya mdomo ya meneja mimi nayajua. Wakiandika ukamilishe kasi hata kama mwenyewe amebaki nyuma, mwambie afute hiyo.

Jumamosi ukitoka kwenye ile ndefu jaribu hivi: kilomita 20 kwa 3:10, saa uifunike kwa plasta, bonyeza tu kwenye alama usiangalie. Ukifika nyumbani ndio uibandue. Nitumie namba zote 20 kama zilivyo, hata zile mbaya, usinitumie maelezo.

Mama