Maswali yenu kuhusu moto: kinachowaka ni mvuke

Mafuta yakishika moto kwenye kikaango, nimwagie maji au unga?

Nimelijibu hili mara nyingi mno, na bado linakuja. Maji hapana. Unga hapana pia, kwa sababu unga ukitimuka hewani huwaka, tena kwa kishindo. Zima jiko, telezesha kifuniko juu ya kikaango mpaka kizibe kabisa, kisha ondoka. Usifunue kuchungulia: mafuta yaliyofikia kuwaka yenyewe yana joto la nyuzi zaidi ya 300, na yakionja hewa kabla hayajapoa huwaka upya bila kiberiti.

Maji ni mazito kuliko mafuta. Yanazama mpaka chini, na kufumba na kufumbua yanageuka mvuke. Lita moja ya maji hutoa lita zipatazo 1,700 za mvuke. Ukifumuka, unayarusha mafuta juu yakiwa matone madogo madogo yanayowaka, na moto uliotosha kikaango sasa unalamba dari. Wala usikibebe kikaango kukitoa nje.

Kama nta inawaka, utambi wa mshumaa ni wa nini?

Nta haiwaki ikiwa ngumu, wala ikiwa imeyeyuka. Zima mshumaa uliowaka muda mrefu, utazame ule uzi mweupe unaopanda kutoka kwenye utambi. Lete njiti inayowaka kwenye uzi huo, sentimita moja au mbili juu ya utambi, bila kuugusa. Moto utashuka wenyewe na mshumaa utawaka. Uzi ule ni nta iliyogeuka mvuke na sasa inaanza kuganda hewani. Kazi ya utambi ni kuinyonya nta iliyoyeyuka na kuifikisha penye joto la kuigeuza mvuke.

Kuni, nguo na plastiki ni vivyo hivyo: joto hutoa mvuke, na mvuke ndio unaoshika moto. Kwa hiyo unaposhika mtungi wa kuzimia moto, lenga chini, penye kitu kinachotoa mvuke. Wengi hupulizia ndimi za moto, na mtungi mdogo huisha kwa sekunde chache tu.

Naweza kuchomelea pipa tupu la petroli?

Usithubutu. Pipa “tupu” limejaa mvuke uliochanganyika na hewa, na mvuke wa petroli ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa hiyo, cheche moja inatosha kulipasua. Kulisuuza mara moja hakutoshi. Tena petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke huo, kwa uzito wake, hutambaa sakafuni hadi kwenye moto ulio mbali nawe.

Moto huzimika oksijeni ikiisha yote?

Huzimika kabla. Hewa ina asilimia 21. Ikishuka chini ya 15 hivi, miali mingi hufa.

Mkaa hauna mwali. Mvuke wake uko wapi?

Swali la mtu aliyefikiri. Mvuke ulitoka wakati kuni zinachomwa kuwa mkaa. Kilichobaki karibu chote ni kaboni, na oksijeni huifuata pale pale juu ya uso wake. Ndiyo maana mkaa ukiupuliza unakolea, lakini mshumaa ukiupuliza unazimika, kwa kuwa pumzi imeutenga mwali na mvuke wake.

Hukuniuliza, ila nitasema: usilale na jiko la mkaa chumbani, hata ukiacha dirisha wazi kidogo. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa unaowaka, haionekani wala hainuki, na hung'ang'ania hemoglobini, kibeba oksijeni cha damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni.

Moto ndani ya chumba kilichofungwa umefifia. Nifungue nione?

Usifungue. Moto umekosa hewa tu. Joto bado limo, na moshi uliojaa mle ni mvuke ambao haujapata kuwaka. Ukifungua, hewa inaingia na moshi wote unalipuka kuelekea mlangoni uliposimama. Ugeuze mkono, uguse mlango kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa wa moto, toa watu, ita zimamoto, na usirudi kufuata simu wala vyeti. Na usiku mnapolala, fungeni milango ya vyumba: mlango uliofungwa huwapa walio upande wa pili dakika za kutoka.