'Get' si 'pata' tu: niliyojifunza nikikaa mapokezi

Siku yangu ya tatu kazini, kwenye hoteli moja ya Mji Mkongwe, Unguja, simu ya mezani ililia. Msimamizi wangu, mama mmoja Mwingereza, alikuwa anahesabu fedha. Bila kuinua macho akaniambia, "Can you get that, please?" Nikatafsiri harakaharaka kichwani: "get" ni pata, "that" ni hiyo, basi anaitaka hiyo. Nikaibeba simu nzima na waya wake, nikampelekea. Ikaendelea kulia mikononi mwangu mpaka aliyekuwa anapiga akachoka.

Alichotaka ni niipokee.

Nilikuwa nimesoma Kiingereza tangu shule ya msingi hadi kidato cha nne. Tulikariri kwa sauti, get-got-got, na ubaoni pembeni yake limeandikwa neno moja: pata. Mtihani nilifaulu. Lakini wageni wa hoteli hawaulizi kama mtihani.

Kama nawe unaanza kazi ya watu wanaozungumza Kiingereza, iwe hotelini, kuongoza watalii au ofisini, jambo la kwanza ninalokuomba ni ufute ile "get = pata" kwenye daftari lako. Wala usitafute neno lingine la kuweka mahali pake. Tazama kinachofuata baada ya "get", kwa sababu chenyewe ni kama ndoo tupu. Uzito unategemea ulichotia ndani.

Kikifuata kitu, maana inakwenda na kitu hicho. "Get me a taxi" ni niitie teksi. "Get me some water" ni niletee maji. "I got it at Darajani" ni nimekinunua Darajani. "Get the door" ni kafungue mlango. "I'll get the bill" ni nalipa mimi, na ukiisikia hiyo mezani, tulia, usikimbilie mfuko. Kikifuata mahali, mara nyingi ni kufika: "How do I get to Forodhani?" Kwenye vyombo vya usafiri kuna kanuni iliyonisaidia sana. Chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, kama basi, boti au ndege, unasema "get on". Gari dogo au teksi, ambamo unainama na kukaa, ni "get in". Daladala ya kuinamisha shingo sijui tuiweke wapi, lakini wenyewe husema "get on".

Sehemu iliyonichelewesha zaidi ni pale inapofuata sifa. "Get cold, get wet, get old, get tired, get drunk." Kwa muda mrefu nilikuwa nawaza kwa pata, kana kwamba chakula kinapata baridi na mzee anapata uzee. Kumbe Kiingereza kinatumia maneno mawili mahali ambapo sisi tuna kitenzi kimoja kilichokamilika: poa, lowa, zeeka, choka, lewa. Hapo "get" inasema tu kwamba hali imebadilika. Nilipoliona hilo, nilianza kwenda kinyume: nikitaka kusema nimelowa, najua natafuta "get" na sifa yake. Hata "get lost" iko hapo. Ni kupotea, na ukitupiwa kwa hasira ni potelea mbali. Siku hiyo usiulize njia.

Halafu kuna ile ya kutendwa. "My phone got stolen", simu yangu imeibwa. "I got my hair cut", nimenyolewa. Anayesema hivyo hakushika mkasi yeye mwenyewe. Ukiambiwa "get him to sign", anayesaini ni mgeni, kazi yako ni kuhakikisha amesaini.

Aliyenifungua macho kabisa alikuwa kijana wa Kimarekani aliyekuja kusoma Kiswahili pale SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, akapanga chumba kwetu miezi miwili. Jioni alikuwa anakaa mapokezi na daftari lake, amekasirika. Tatizo lake lilikuwa piga. Kwa nini mnapiga pasi? Imewakosea nini? Mnapiga simu, mnapiga mswaki, mnapiga kura, mnapiga picha, mnapiga deki, mnapiga magoti, mnapiga miayo, mnapiga chafya, na mtu akifika mlangoni anapiga hodi bila kugusa mlango! Nilicheka hadi machozi. Nikajaribu kumpa maana moja inayoshika yote hayo, nikashindwa. Nikamwambia asahau piga, ajifunze "piga pasi" kama kitu kimoja. Nilipomaliza kusema, nikasikia nilichojishauri mwenyewe.

Tukafanya biashara ya kubadilishana: yeye ananipa "get", mimi nampa piga. Tulipofika kwenye pata yetu tukagundua kwamba nayo si mtoto. Kisu kikali tunasema kinapata, butu hakipati. Yapata saa nne, maana yake ni kama saa nne hivi. Na sijapata kuona, hapo hakuna kitu kilichopatikana wala kukosekana. Hii ya mwisho ikawa zawadi kwangu, kwa sababu Kiingereza nacho kina ya namna hiyo hiyo. Mgeni aliyekosa boti ya kwenda kisiwa cha Changuu akasema, "I never got to see the tortoises." Sikupata kuwaona wale kobe. Neno kwa neno! Kuna nyingine mbili zinazokubali: "I get you" ni nimekupata, na "get along" ni kupatana.

Ndiyo maana sikwambii pata ni adui. Ni rafiki wa mahali fulanifulani. Panapokosana ni pale tunapoipeleka pata yetu kwenye Kiingereza bila kuuliza. Tunasema "I got an accident" kwa sababu nilipata ajali. Wao husema "I had an accident". Tunasema "she got a baby", wao "she had a baby". Ugonjwa, hata hivyo, unakubali: "I got malaria" hakuna atakayeishangaa. Na kadi ya "get well soon" sisi tungeiandika ugua pole, ambayo kwa Mwingereza ukimfasiria ni jambo la kuogofya.

Yule kijana pia alinirekebishia "gotten". Nilidhani ni kosa la Wamarekani, kwa kuwa wimbo wetu ulikuwa get-got-got. Kwao "I've got a car" ni nina gari, na "I've gotten a car" ni nimepata gari. Mwingereza anatumia "got" kwa yote mawili, nawe unabaki kukisia kwa mazungumzo. Nadhani hapa Wamarekani wametuzidi akili.

Neno lenyewe, kwa taarifa yako, hata Waingereza walilipokea kwa wageni. Limetokana na lugha ya watu wa Skandinavia waliovuka bahari na kuhamia Uingereza zama za Waviking, na likaenea katika Kiingereza yapata miaka 800 iliyopita. Ndugu zake wawili, "forget" na "beget", walikuwapo Uingereza tangu kabla ya hapo.

Daftari langu siku hizi halina maneno, lina sentensi. Naandika alichosema mgeni, alikuwa anafanya nini, na mimi nilitakiwa kufanya nini. Kwenye barua rasmi sitii "get" hata moja. Naandika "received" nikiwa nimepokea, "obtained" nikiwa nimepata kibali. Kwenye mazungumzo naiachia, maana ukimwambia mgeni "I shall obtain your taxi" atadhani unamtania.

Siku kijana yule anaondoka, gari la uwanja wa ndege lilikuwa limesimama mwisho wa uchochoro. Nikaliwahi begi lake kubwa, lile lililojaa kanga na vitabu, nikaanza kulivuta. Akaniwekea mkono begani. "I've got it," akasema. Nikaliachia, nikatangulia kumshikia mlango.