Weibull yenye athari nasibu: kwa nini R na Stata hazikubaliani

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: una data za muda hadi tukio, watu wako wamegawanyika kwenye vituo vingi, ukaweka modeli ya Weibull (mgawanyo wa muda hadi tukio) yenye athari nasibu ya kituo (tofauti ya kila kituo inayochukuliwa kuwa ya bahati) kwa `survreg` ya R, kisha ukarudia kwa `mestreg` ya Stata. Namba zote zimetoka tofauti. Koefishenti ya dawa ni hasi huku na chanya kule, variansi ya kituo haifanani, hata logi-likelihudi imekataa. Unauliza ni programu ipi imekosea.

Nimefanya kazi na modeli hizi muda mrefu, na karibu kila ugomvi wa aina hii nilioletewa uliisha bila programu yoyote kuwa na kosa. Programu zimeulizwa maswali mawili tofauti na zimejibu yote mawili sawasawa. Kwa hiyo kabla ya kugusa kibodi tena, chukua karatasi uandike likelihudi (uwezekano wa data zako chini ya modeli) unayoitaka. Kwa Weibull, mchango wa mtu mmoja ukishamjua u wa kituo chake ni huu:

`ll = tukio*(log(p) + (p-1)*log(muda) + eta) - exp(eta)*muda^p`

ambapo eta ni b0 + b1*dawa + u, u ni athari nasibu ya kituo, p ni kigezo cha umbo cha Weibull, na tukio ni 1 kwa aliyelipata na 0 kwa asiyelipata. Ukiwa na mstari huo mkononi, kila programu unaiuliza jambo moja tu: u wako umemweka wapi, na mgawanyo wake ni upi?

Tuanze na hilo la alama kugeuka. `survreg` huandika modeli kwenye logi ya muda. Koefishenti chanya maana yake mtu anachelewa kufikia tukio. `mestreg` yenye Weibull, usipoiambia vingine, huandika kwenye logi ya hatari (kasi ya tukio kwa ambaye bado hajalipata), kwa hiyo chanya maana yake tukio linamwahi. Weibull ina bahati ya kukubali sura zote mbili, na njia ya kuvuka kutoka moja kwenda nyingine ni fupi: kile R inachokiita scale ni 1/p, na koefishenti ya hatari ni koefishenti ya muda ikigeuzwa alama na kugawanywa kwa scale. Kama `survreg` imekupa -0.30 na scale ya 0.80, basi p ni 1.25, koefishenti upande wa hatari ni 0.375, na uwiano wa hatari ni karibu 1.45. Ukitaka kukwepa hesabu hiyo, ongeza chaguo la `time` kwenye `mestreg` nayo itahamia upande wa muda. Eksponenshali nayo ina sura mbili kama Weibull. Ila logi-kawaida na loglojistiki zipo upande wa muda tu, kwa hiyo huko usitafute uwiano wa hatari ulio thabiti, haupo.

Sasa jambo ambalo wengi hawaligusi: variansi nayo huhama. Ikiwa u amewekwa kwenye logi ya muda na mkengeuko sanifu wake ni 0.40, upande wa hatari mkengeuko huohuo ni 0.40/0.80, yaani 0.50. Variansi ni 0.16 huku na 0.25 kule. Ni vituo vilevile, vinatofautiana kiasi kilekile. Nimeona watu wakiandika kwamba vituo vinatofautiana zaidi kwenye modeli moja kuliko nyingine kwa kulinganisha namba hizo mbili kama zilivyo, na mhakiki akapitisha.

Kisha kuna mgawanyo wenyewe. Stata ina njia mbili tofauti na ni vizuri usizichanganye. `streg` yenye `shared()` hutumia udhaifu wa pamoja wa gama au wa Gauss uliogeuzwa: w inazidisha hatari, wastani wake ni 1, na theta ni variansi ya w. `mestreg`, iliyokuja na Stata 14, hutumia mgawanyo wa kawaida kwa u, ambaye ni logi ya w. Kwa hiyo theta na sigma mraba ni vipimo vya vitu viwili. Gama yenye theta ya 1, ukiichukulia logi, ina variansi ya 1.645, ambayo ni pai mraba gawanya kwa 6. Mtu akiona 1 kwenye `streg` na 1.6 kwenye `mestreg` anaweza kudhani zimepishana, kumbe ni habari ileile. Kadhalika b0 husogea, maana u akiwa na wastani wa 0 wastani wa w hauwi 1 bali exp(sigma²/2). Mimi b0 simuwekei uzito wowote kwenye ulinganisho.

Kuhusu `frailty()` ndani ya `survreg`, msimamo wangu ni kwamba usiitumie kama jibu lako la mwisho. Pale hakuna intigrali inayokokotolewa juu ya u. Kila kituo kinapewa koefishenti yake, kisha likelihudi inapigwa adhabu ili koefishenti hizo zisitawanyike mno. Kwa modeli ya Cox (isiyotaja umbo la hatari ya msingi) yenye gama kuna uhusiano mzuri wa kihisabati kati ya adhabu hiyo na likelihudi kamili, lakini usiubebe uhusiano huo ukauingize kwenye Weibull. Ukitaka likelihudi ya kweli ndani ya R tumia `parfm`, ambayo ina Weibull, Gompertz, eksponenshali, loglojistiki na logi-kawaida, pamoja na udhaifu wa gama, wa Gauss uliogeuzwa, wa logi-kawaida na mwingine. Na tafadhali usimwandikie mtu kwamba umeweka athari nasibu kama ulichoweka ni `cluster()`. Hiyo inarekebisha makosa sanifu tu. Koefishenti zinabaki zile za modeli isiyo na u.

`brms`, kifurushi cha R cha modeli za Bayes, naipenda kwa sababu inakubali karibu muundo wowote wa athari nasibu, lakini ina mtego unaonasa hata wazoefu:

`brm(muda | cens(1 - tukio) ~ dawa + (1 | kituo), family = weibull)`

Angalia hiyo 1 - tukio. Kwenye `Surv()` ya `survreg` namba 1 ni mtu aliyepata tukio. Kwenye `cens()` namba 1 ni mtu ambaye ufuatiliaji wake ulikatika. Ukiipa safu yako ya tukio moja kwa moja, modeli itakimbia vizuri, minyororo itatulia, michoro itapendeza, na jibu litakuwa limepinduliwa. Halafu Weibull ya `brms` inaelezea wastani wa muda kwa kiungo cha logi, kwa hiyo upo upande wa muda: zidisha koefishenti kwa shape na ugeuze alama ndipo ufike upande wa hatari.

Anayetumia SAS ana `PROC NLMIXED`, na ule mstari wa ll hapo juu unaingia karibu kama ulivyo kupitia `general(ll)`. Mgawanyo wa u ni wa kawaida tu. Jambo la kushika ni kupanga data kwa kituo kabla ya kuanza. `NLMIXED` huhesabu kundi jipya kila thamani ya kituo inapobadilika kutoka mstari uliotangulia, kwa hiyo data zisizopangwa zitazaa vituo vingi vya uongo na haitakuonya.

Logi-likelihudi nayo isikunyime usingizi. `streg` huongeza jumla ya logi za muda za waliopata tukio ili thamani isitegemee kama umepima kwa siku au kwa miaka. R haifanyi hivyo. Linganisha modeli ndani ya programu moja, basi.

Ukishalinganisha vizuri na tofauti ikabaki, hapo ndipo tuzungumze kuhusu ukokotoaji. `mestreg` hutumia kwadrecha inayojirekebisha (njia ya kukadiria intigrali juu ya u kwa nukta chache) yenye nukta 7 usipoibadilisha. Kwa vituo vyenye watu wengi zinatosha. Kwa makundi madogo yenye variansi kubwa, zipandishe hadi 15, halafu 31, uone kama variansi inasogea. Ikiendelea kusogea, ile ya kwanza haikuwa jibu. Njia ya Laplace, ambayo ni sawa na kutumia nukta moja, ndiyo ya kuiogopa zaidi hapo. Pima kwa data za `kidney` zilizomo kwenye kifurushi cha `survival`: wagonjwa 38, kila mmoja ana vipindi viwili vya kusubiri maambukizi kwenye katheta, jumla mistari 76. Hapa kundi ni mgonjwa, na makundi ya mistari miwilimiwili ni mtihani mkali kwa programu yoyote. Tena kuna mgonjwa wa 21, mwanamume aliyekaa siku 152 na 562 ilhali wanaume wengi humo walipata maambukizi mapema. Endesha modeli ukiwa naye, kisha umtoe, uangalie variansi. Nikimfundisha mtu udhaifu wa pamoja naanza na mgonjwa huyo kabla ya fomula, kwa sababu anaonyesha haraka jinsi variansi nzima inavyoweza kubebwa na kundi moja.

Modeli ikigoma kutulia, mara nyingi dawa ni nyepesi. Badili siku ziwe miaka, maana muda^p wenye maelfu ya siku huifanya namba iwe kubwa kupita kiasi. Toa wastani kwenye umri. Endesha kwanza bila u, chukua makadirio hayo kama mahali pa kuanzia. Kama logi ya variansi inazidi kushuka kwenda hasi bila kikomo, modeli inakwambia variansi ni sifuri, wala si ugonjwa wa kutibiwa kwa kuongeza mizunguko.

Kupima kama variansi hiyo ni sifuri, kumbuka sifuri ipo ukingoni; variansi haiwezi kuwa hasi. Kipimo cha uwiano wa likelihudi hakifuati khi-mraba ya digrii 1 bali mchanganyiko wa nusu kwa nusu na khi-mraba ya digrii 0. Kwa athari nasibu moja, unagawa p-value kwa mbili. Stata inakufanyia na inaandika chibar2. Ukikokotoa mwenyewe kwenye R lazima ufanye hivyo kwa mkono.

Kwenye kuripoti, variansi tupu haimwambii msomaji kitu. Mimi hutoa mediani ya uwiano wa hatari: exp(0.6745 × mzizi wa 2σ²). Kwa σ ya 0.50 inatoka 1.61. Maana yake, ukichukua watu wawili wanaofanana kwa kila kitu kutoka vituo viwili vya bahati nasibu, ukamlinganisha mwenye hatari kubwa na mwenye ndogo, mediani ya uwiano wao ni 1.61. Daktari anaielewa hiyo papo hapo, na anaweza kuiweka kando ya uwiano wa dawa yenyewe.

Na uwiano wa dawa uueleze vizuri: ni wa watu wa kituo kimoja, wenye u mmoja. Ukiangalia watu wote kwa pamoja, uwiano unafifia kadiri muda unavyokwenda, kwa sababu walio dhaifu wanaondoka mapema zaidi kwenye kundi lenye hatari kubwa na wanaobaki ni wagumu. Kwa gama yenye theta ya 1, uwiano wa 2 ndani ya kituo unakuwa 1.33 kwa watu wote pale hatari limbikizi ya kundi la msingi inapofika 1. Vivyo hivyo, mchoro wa uhai uliochorwa kwa u = 0 ni wa kituo cha katikati, na si wastani wa watu wako. Ukitaka wastani, lazima ukokotoe intigrali juu ya u.

Umetaja pia kwamba baadhi ya watu waliingia kwenye ufuatiliaji wakiwa tayari wamekaa muda fulani na ugonjwa. Hilo ni zito kuliko yote uliyouliza. Aliyechelewa kuingia ameshachujwa: yumo kwa sababu hakupata tukio kabla, kwa hiyo mgawanyo wa w kwa walioingia si ule wa mwanzo. Likelihudi ya kituo inatakiwa kugawanywa kwa intigrali ya uwezekano wa wote kufika siku zao za kuingia, na programu nyingi haziifanyi hesabu hiyo zenyewe. `streg` yenye `shared()` hukataa data za namna hiyo mpaka uilazimishe kwa `forceshared`. Usiilazimishe kwanza. Leta hapa idadi ya vituo, wangapi walichelewa kuingia na kwa muda gani, tuone kama inafaa kuandika likelihudi yako mwenyewe. Vituo vikiwa vitano au sita tu, achana na athari nasibu kabisa: kila kituo kipe kigezo chake, tatizo lote la kuchujwa kwa w litaondoka nayo.