Kirusi kimeshaondoka, mbona tumbo bado linasokota?

Msomaji mmoja wa Nkuhungu, hapa Dodoma, ametuandikia: aliharisha na kutapika siku tatu, akapona, na sasa mwezi wa tatu tumbo linajaa kama ngoma kila akinywa chai ya maziwa na chapati. Ameshameza flajili, dawa ya bakteria na amiba, mara nne, na kipimo cha Widal kikasema ana taifodi. Ujumbe unauma, hasa hizo dozi nne.

Virusi kama rota na noro hushambulia ukuta wa utumbo mdogo, penye vinyweleo vidogo mno vinavyofyonza chakula. Ncha zake ndizo zenye laktesi, kimeng'enya kinachosaga sukari ya maziwa. Zikiharibika, sukari hiyo hushuka nzimanzima hadi utumbo mpana, bakteria huichachusha, gesi hujaa, maji huvutwa, mtu anakimbilia chooni. Kwa wengi ukuta hujijenga upya ndani ya wiki chache. Kwa takriban mmoja kati ya kumi walioharisha kwa maambukizi ya tumbo, mishipa ya fahamu ya utumbo hubaki na wepesi kupita kiasi: gesi ambayo jirani yake haisikii, yeye inamkata. Hali hii ikianzishwa na virusi mara nyingi huisha mapema kuliko ile ya bakteria, lakini hesabu miezi, si siku.

Flajili haigusi virusi. Ukiimeza bila sababu unaua bakteria wema wa tumbo na kuanza upya. Widal nayo hupima kinga, na kinga inaweza kuwa ya ugonjwa wa zamani. Taifodi ya leo huthibitishwa kwa kuotesha damu maabara. Kinachofaa kupimwa kwanza ni choo, kutafuta vimelea vya giardia na amiba, pamoja na wingi wa damu na VVU. Giardia ikionekana, hapo dawa ina kazi.

Majibu yakiwa safi, nunua daftari. Wiki 2 andika saa, ulichokula, maumivu na sura ya choo. Wiki hizohizo acha maziwa kabisa, pamoja na ya kwenye uji na maandazi. Kisha kunywa glasi moja ya maziwa, mililita 250, asubuhi kabla ya kula. Tumbo likinguruma au kuharisha ndani ya saa chache, umempata mhusika. Mtindi jaribu peke yake siku nyingine: bakteria wake wameshakula sehemu ya sukari, ndiyo maana wengi huuvumilia.

Maziwa yasipokuwa mhusika, geukia ngano na vitunguu, navyo vina sukari yao inayochachuka tumboni. Hapa watu wa Dodoma tuna bahati, maana ugali wa mtama au uwele hauna ile sukari ya ngano inayochachuka. Mlenda nao una ute unaolainisha choo kigumu na kushika kilicho chepesi. Ule kwa kiasi, na karanga kijiko kimoja kwanza. Kitunguu kina ujanja wake: kikaange kwenye mafuta kikiwa vipande vikubwa, kitoe, ndipo uweke nyanya. Sukari yake inayosumbua huyeyuka kwenye maji, si kwenye mafuta, hivyo harufu inabaki na gesi inatoka nacho. Ukisubiri mchuzi uive ndipo ukitoe, umechelewa. Maharage loweka usiku kucha, saa 12, mwaga maji hayo, pika kwa mengine.

Ondoa kitu kimoja kwa wakati. Wanaoacha vyote kwa pamoja hukonda, na hawajui kilichowaponza. Kurudisha chakula ulichoondoa ni kwa siku 3: robo, nusu, kipimo kamili. Kosa jingine ni kupata nafuu Ijumaa, Jumamosi ukakalia kitimoto na bia tatu, Jumapili ukasema lishe haifanyi kazi.

Kula mara 4 au 5 kidogo kidogo, badala ya kukaa njaa hadi jioni kisha mlima wa ugali. Siku ya kuharisha sana, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya usawa. Kuchemsha maji ya kisima kunaua vijidudu.

Watoto ni habari nyingine. Usimwachishe ziwa la mama mtoto anayeharisha, na zinki hupewa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa siku chini ya miezi 6, 20 kuanzia hapo.

Damu kwenye choo, kukonda bila kupenda, homa isiyoisha, kuamshwa usiku na kuharisha, au dalili kuanza ukiwa umepita miaka 45: acha daftari, nenda hospitali ukaombe rufaa kwa bingwa wa mfumo wa chakula, na uwatajie kwa mpangilio dawa zote ulizokwisha kumeza.